UZI: Mida Creek, kwa nini ndege wa matopeni huondoka karibu saa mbili kabla maji hayajajaa?

#1 MatembeziPolepole
Salaam wakuu. Napanga matembezi mepesi ya watu 9 pale Mida, ile hori (mkono wa bahari) ya karibu na Watamu, pwani ya Kenya, watano kati yao wamepita miaka 60. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kwa siku hiyo: maji kupwa 10:05, mita 0.1, maji kujaa 16:20, mita 3.7. Ushauri unaorudiwa kila mahali ni "kaa kwenye kibanda cha kutazamia ndege saa moja kabla maji hayajajaa, ndege watasukumwa mpaka miguuni pako". Lakini katika siku mbili za bamvua (maji makubwa) zilizopita, kufikia saa nane na nusu mchana mbele ya kibanda hakukuwa na ndege hata mmoja. Krabu plova hawapo, sululu hawapo, vitwitwi wadogo ndio kabisa. Jedwali linakosea, hori ina saa zake, au ndege wana sababu yao? Na wazee wangu niwafikishe saa ngapi?

#2 Bamvua_Kuu
Mkuu, Kilindini ni bandari yenye kina kirefu, Mida ni hori yenye mdomo mwembamba. Maji yanachelewa kuingia. Usitumie jedwali la Mombasa kama lilivyo.

#3 NahodhaWaHori
#2, kuchelewa ni kweli, lakini hakujibu swali. Maji yakichelewa, ndege nao wangechelewa kuondoka. Yeye anasema wanawahi. Sababu yako inavuta upande wa pili.

#4 DarasaLaMikoko
Tatizo ni kutazama saa badala ya kimo. Chukueni kanuni ya sehemu kumi na mbili: kati ya kupwa na kujaa kuna vipindi sita, na maji hupanda 1, 2, 3, 3, 2, 1. Kwa namba za #1, tofauti ni mita 3.6, kwa hiyo kila sehemu ni sentimita 30. Kipindi kimoja ni kama dakika 62:

10:05 – 0.1
11:07 – 0.4
12:10 – 1.0
13:12 – 1.9
14:15 – 2.8
15:17 – 3.4
16:20 – 3.7

Tazama 14:15. Maji yamekwisha kupanda robo tatu ya safari yake, zimebaki sentimita 90 tu. Tope lililo mbele ya kibanda halingoji kilele ndipo lifunikwe. Kwa hiyo ndege hawajawahi, ni ule ushauri wa "saa moja kabla" unaochelewa. Pengine unafaa kwa maji ya kadiri, ila kwenye bamvua unakukosesha.

#5 NahodhaWaHori
Mwalimu #4 hesabu yako ni safi, ila kanuni hiyo ni ya pwani wazi. Kwenye hori yenye mdomo mwembamba mpando hauwi laini hivyo: mwanzo maji husitasita, kisha huja kwa kasi. Itumie kukisia, usiitegemee kuamua lini ugeuke ukiwa katikati ya tope. Tope likiwa linashuka mita 1 kwa kila mita 300, sentimita 90 kwa saa ni ukingo wa maji unaosogea mita 270 kwa saa, mita 4 na nusu kila dakika. Mzee mwenye gongo, miguu imezama mpaka kifundo, hana mwendo wa kushindana na hayo. Tena mikondo midogo hujaa kwanza *nyuma* yako. Watu hunaswa hivyo, wanatazama mbele huku mfereji wa nyuma umeshafika magotini.

#6 Mama_Darubini
Asante #4 na #5. Kwa wazee, msishuke matopeni kabisa. Lile daraja la kamba na mbao linapita juu ya mikoko hadi kibandani, ni mita 260 hivi, huna haja ya kulowa. Mambo matatu ya kuzingatia pale: (a) linaning'inia, kwa hiyo linayumba, wapite wawili au watatu kwa wakati, wasiandamane kwa hatua moja, (b) mikono yote miwili iwe huru, begi mgongoni, (c) mbao zikilowa umande asubuhi huteleza, kwa hiyo soli iwe ya mpira yenye meno.

Na ada ya kuingia hapo darajani ni ya jamii, mapato husaidia karo za watoto wa shule za sekondari wanaoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, mpango ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Msikwepe kulipa. Mkiingia kwa boti upande wa hifadhi ya bahari, hilo ni la KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si taslimu.

#7 Kaa_na_Gando
#4 hujamaliza. Ukikaa kibandani kimya utaona ndege wanaruka *wakati tope bado liko wazi*, ukanda mzima mbele ya mikoko. Kama ni kufunikwa tu, mbona hawamalizii hapo?

Mimi nasema ni chakula. Wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa hawangoji maji. Yakikaribia, kila mmoja huingia shimoni na kuziba mdomo kwa tope. Krabu plova na sululu huwinda kwa macho: hutembea, husimama, hukimbia, hudona. Kaa wakishajifungia, meza imeondolewa. Kukaa hapo ni kupoteza nguvu bure.

#8 Sululu254
Hoja nzuri #7, lakini vitwitwi aina ya Calidris ferruginea hawawindi kwa macho pekee, huchomeka mdomo na kupapasa. Minyoo haizibi mlango. Mbona nao huondoka pamoja na wenzao?

#9 Kaa_na_Gando
Kwa sababu wanaogopa kubaki peke yao? Hapo sina uhakika, nakubali.

#10 TopeNaChumvi
Hapo ndipo jibu lilipo. Ndege 400 wakiwa pamoja, kila mmoja ana macho karibu 800 ya kumlinda. Wakibaki 12, mmoja wao ni chakula cha kozi. Wa kwanza wakiinuka, wa mwisho hawana budi kufuata. Juzi tai mla samaki alipita juu, kundi zima likainuka.

#11 Mama_Darubini
Marekebisho madogo #10: tai mla samaki, Pandion haliaetus, hali ndege, anakula samaki. Kwa vitwitwi adui ni kozi, Falco peregrinus. Ni kweli kwamba kundi huweza kumkimbia yeyote mwenye mabawa mapana, ila baada ya kupita tai hutua tena upesi. Kama hawakurudi ndani ya dakika 10, halikuwa jambo la tai.

#12 UpepoWaKaskazi
Nyote mmesahau upepo. Msimu wa ndege hawa ni ule ule wa kaskazi. Upepo ukivuma mchana kutwa unasukuma maji ndani na jedwali halina habari nao.

#13 DarasaLaMikoko
#12 upepo upo, lakini hori imezungukwa na ardhi na mikoko, nafasi ya kusukuma maji ni fupi. Hata mgandamizo wa hewa: milibari 1 ikishuka bahari hupanda kama sentimita 1, na kwetu karibu na ikweta mabadiliko ya siku ni milibari 3 au 4. Hizo ni sentimita 4. Kwenye tope tambarare ni mita kumi na kitu za ukingo, sawa, ila si saa mbili.

#14 UpepoWaKaskazi
Mita kumi na kitu kwenye ukanda ule ule wa #7 si kidogo sheikh. Ukanda wenyewe upana wake ni huo huo.

#15 DarasaLaMikoko
Hapo umenishika kidogo. Naliacha wazi.

#16 Mgeni_Gede
Habari zenu. Samahani kuingilia, hii Mida ni mdomo wa mto gani? Kwenye ramani sioni mto.

#17 NahodhaWaHori
Huoni kwa sababu haupo. Mida haina mto wa kudumu unaomwaga ndani yake. Maji baridi hupenya chini kwa chini kupitia mwamba wa matumbawe na kutokea ndani ya hori. Ni mkono wa bahari. Iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu ya tangu 1968, na eneo lote limo katika hifadhi ya baiosfia ya UNESCO tangu 1979.

Mdomo wa mto halisi uko kaskazini mwa Malindi: Sabaki. Mto mmoja majina matatu, Athi juu, Galana ukishaungana na Tsavo, Sabaki ukifika pwani. Udongo mwekundu unaoubeba ndio unaoifanya bahari ya Malindi iwe ya kahawia wakati wa mvua.

#18 Sululu254
Na kwa ndege Sabaki ni ulimwengu mwingine. Tope laini la mtoni, kwa hiyo kuna kitwitwi Calidris falcinellus. Miezi ya kusi, wakati Mida imepoa, Sabaki hupokea Glareola ocularis kutoka Madagaska. Kwenye nyasi za kando ya mto mtafute Anthus melindae, yule anayebeba jina la Malindi. Ila kwa wazee wa #1 sipendekezi: hakuna daraja, mchanga unachosha magoti, na mtoni kuna viboko na mamba. Alfajiri na jioni viboko huwa nchi kavu, usisimame kati yao na maji.

#19 MatembeziPolepole
Sabaki naiacha basi. Turudi Mida. Naomba msaada wa namna ya kuwatambulisha hao ndege kwa watu wasiowajua. Wavuvi niliowauliza, wote wadogo ni "kitwitwi" tu.

#20 Mama_Darubini
Na wavuvi hawajakosea, jina hilo linawabeba wengi. Waanze na wale wasiochanganyikana:

Krabu plova, Dromas ardeola: mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, mdomo mweusi mnene kama kisu cha kuvunjia. Peke yake katika familia yake duniani. Hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo mchangani, kwenye visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia. Ukimwona mmoja wa rangi ya kijivu anamfuata mkubwa huku akilialia, huyo ni kinda, bado analishwa hata baada ya safari yote hiyo.

Xenus cinereus: mdomo umepinda *juu*, miguu mifupi ya rangi ya chungwa, anakimbia ameinama kama anayetafuta sindano. Maji yakijaa hukaa juu ya matawi ya mikoko.

Sululu, Numenius phaeopus: mdomo umepinda chini, kichwani ana mistari. Akiwa mkubwa zaidi, mdomo mrefu kupita kiasi na kichwa hakina mistari, ni binamu yake N. arquata.

Pluvialis squatarola: akiruka tazama makwapani, ni meusi. Alama hiyo haikosei.

#21 TopeNaChumvi
Na wale wawili wa mchangani wanaosumbua watu miaka nenda rudi, leschenaultii na mongolus? Hapo ndipo urafiki huvunjika.

#22 Sululu254
Haha, kweli. Pima mdomo: chukua umbali kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho. Mdomo ukizidi umbali huo, ni leschenaultii. Ukiwa sawa au mfupi, ni mongolus. Miguu ya wa kwanza huelekea kijani-njano, ya wa pili ni ya kijivu-giza, lakini tope la Mida huipaka yote rangi moja, usiapie miguu. Na usiamue kwa ukubwa kama hawajasimama pamoja.

#23 Mgeni_Gede
Darubini ya 8x42 inatosha au lazima 10x?

#24 Mama_Darubini
Kwenye daraja linaloyumba, 8x. 10x inakuza na mtikisiko. Kwa teleskopu: miguu ya chini kabisa, uketi, ning'iniza begi zito katikati ya stendi, na umwombe kila mtu asimame unapotazama. Anza 20x. Kuanzia saa nne asubuhi mvuke wa joto juu ya tope hufanya 60x isiwe na maana, ndege wanachezacheza kama wako chini ya maji. Ukirudi, usisugue kioo kikavu. Chumvi ni mchanga mdogo. Kitambaa kilicholowa maji baridi kwanza, kisha kikavu.

Na mwanga: mko ufuo wa upande wa barabara kuu, hori iko mashariki yenu. Asubuhi jua linawapiga machoni na ndege wote ni vivuli. Baada ya saa saba jua liko mgongoni. Bahati ya pwani yetu ni kwamba bamvua hujaa saa kumi hadi kumi na moja jioni, kwa hiyo maji yanapanda wakati mwanga ndio huo mzuri. Maji mafu, zile siku za maji madogo, ni kinyume, hujaa saa nne au tano asubuhi, jua bado upande wa mbele.

#25 Mchu_Mkavu
Nilikuwa nasoma tu. Kuna jaribio rahisi la kutenganisha #4 na #7. Wakati wa maji mafu maji hujaa mpaka mita 2.4 hivi, hayafiki 2.8. Kama #4 yuko sahihi, tope la mbele halifunikwi na ndege hawaondoki siku nzima. Kama ni kaa wanaojifungia, wale wa ukanda wa juu hawaguswi na maji, kwa hiyo wawindaji wa macho wabaki na wapapasaji wasambae. Kama ni kozi au watu, wataondoka saa yoyote bila mpango.

Hatua: chomeka fito yenye alama kila sentimita 10 pale inapoonekana kwa teleskopu, uichomeke maji yakiwa mbali na uiondoe ukimaliza. Kila dakika 10 andika kimo, idadi ya kila aina, wangapi wanakula, wangapi wamesimama. Andika pia kila boti na kila mtu anayepita. Siku tatu za bamvua, tatu za maji mafu.

#26 NahodhaWaHori
Ongeza wachimba chambo. Wao nao hufuata maji: huchimba yakiwa mbali, hurudi ufuoni yanapopanda, na njia yao ya kurudi ni ule ukanda wa juu. Yaani dakika zile zile ambazo ndege wangekuja karibu na kibanda, ndizo watu wanapita. Mnahesabu kaa na upepo, kumbe ni miguu yetu.

#27 Kaa_na_Gando
Siku za Ijumaa mchana wachimbaji hupungua. Ikiwa ni hivyo, Ijumaa ndege wangechelewa. Sijaona tofauti.

#28 NahodhaWaHori
Ijumaa ngapi, na za bamvua? Bamvua ikiangukia Ijumaa ni mara chache kwa msimu.

#29 TopeNaChumvi
Na hakuna aliyejibu *wanakwenda wapi*. Sululu na Xenus wako mikokoni, hilo tumeona. Krabu plova hawakai mitini. Wapo wanaosema vilima vya mchanga katikati ya hori, wapo wanaosema ufuo wa nje. Kama mahali pa kupumzikia ni padogo, kuwahi nafasi ni sababu tosha ya kuondoka mapema.

#30 Mama_Darubini
Popote walipo, tafadhali msiwafuate kwa boti kwenda kuthibitisha. Ndege wanaopumzika maji yakijaa hawana pengine pa kwenda. Machi na Aprili ni mbaya zaidi, wanajaza mafuta ya safari ya kaskazini. Wakiinua shingo zote kwa pamoja na kuacha kudona, umeshakaribia mno, rudi nyuma wakati huo huo. Na asipige mtu makofi ili apate picha ya kundi likiruka.

Mkiona pete au kibendera mguuni, andikeni: mguu wa kulia au kushoto *wa ndege*, juu au chini ya goti, rangi kuanzia juu kushuka, herufi kama zinasomeka. Picha moja yenye ukungu ni bora kuliko kumbukumbu.

#31 MatembeziPolepole
Shukrani kwenu nyote. Nimepanga hivi, nirekebisheni: daraja saa sita na nusu, kibandani kufikia saa saba kasoro kumi, tutazame mpaka saa nane na robo, kisha turudi kwa utaratibu. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, na viti viwili vya kukunja kwa wenye magoti.

#32 DarasaLaMikoko
Saa saba kasoro kumi maji yako kwenye mita 1.6 hivi, ndege bado watakuwa mbali lakini wanakuja. Ni sawa. Msiondoke saa nane na robo, kaeni mpaka tisa. Ndege wakiondoka, tazameni mikoko: mdiria wa mikoko, Halcyon senegaloides, hupenda kutua kwenye mizizi iliyo wazi. Wafundishe wageni kutenganisha mkoko wenye mizizi ya matao na mchu wenye mizizi ya vijiti vinavyochomoza juu.

#33 UpepoWaKaskazi
Na mahamri na mbaazi mnunue Gede kabla hamjaenda, msije mkamalizia maji ya kunywa kwa njaa.

#34 Mchu_Mkavu
#31, mkiwa hapo saa nane, naomba jambo moja tu. Mwachie mzee mmoja saa na daftari: aandike dakika ambayo krabu plova wa *kwanza* anainuka, na dakika ambayo kitwitwi wa *mwisho* anaondoka, na kama kuna mchimba chambo yeyote kati ya kibanda na maji.

#35 MatembeziPolepole
Nitaandika yote matatu na kuyaleta hapa. #28, siku yenyewe ni Ijumaa.